Waliobipu Wameshavuka

Jua lilikuwa linazama nilipotoka nyumbani kwetu, Uru, kwenda kuangalia daraja. Wifi yangu Dominika alikuwa na uchungu tangu asubuhi, mtoto hatoki, na kaka yangu Basili na wenzake walikuwa wanafunga machela ya kumpeleka hospitali. Barabara ilikuwa imekatwa na mvua. Ilibaki njia ya korongoni, yenye daraja la magogo.

"Unakwenda kuangalia nini?" Basili alifoka. "Ramani inasema pako salama."

Ramani! Mwaka huo wa 2008 kila mwenye simu ya tochi alikuwa amegeuzwa mpima ramani wa kujitolea. Mradi mmoja wa mjini Moshi ulikipa kila kivuko namba yake. Ukivuka salama, unaibipu: inaita mara moja, unakata. Bipu zikijaa, kivuko kinapakwa kijani kwenye kompyuta, na ukiuliza kwa ujumbe unajibiwa: PITA, pamoja na namba ya aliyevuka mwisho. Mwenye namba ni nani? Yuko wapi? Hawaulizi. Nilishamwambia Wenseslaus, msimamizi wao, kwamba bipu haina macho. Akacheka.

"Dada Stella, hapa si kwenye mdahalo wa chuo. Watu wote hao wakosee pamoja?"

Ndiyo, kaka. Watu hukosea pamoja kila siku.

Migomba ilikuwa kimya. Hata vyura... kimya. Harufu ya udongo mbichi ilinipanda puani, na chini yake harufu nyingine, nzito, ya kitu kilichovunda.

Nikafika ukingoni.

Daraja halikuwepo.

Magogo yamekwenda, ukingo umemeguka, maji mekundu yananguruma huko chini. Ng'ambo alisimama mama mtu mzima, kapu kichwani, kanga imemganda mwilini.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Nani huku kwetu anainyima shikamoo marahaba yake?

"Vuka, mwanangu." Alinong'ona tu, lakini nilimsikia juu ya ngurumo ile, kama yuko begani kwangu. "Sisi tumeshavuka."

Sisi...?

Mlio mmoja. Ukakatika. Ulitoka ndani ya maji. Mwingine. Mwingine. Vioo vya simu vikawaka kule kwenye matope, kijani, kama macho ya paka.

Simu yangu ikapata moto mkononi. Ilikuwa inapiga namba ya kivuko. Yenyewe. Ikaita mara moja, ikakata.

Nikakimbia.

Niliwakuta wanashuka, Dominika akiguna juu ya machela.

"Rudini! Daraja limekwenda!"

"Si umebipu sasa hivi?" Basili alihema. "Tumeuliza, wamejibu PITA, na namba ni yako!"

"Sijabipu!"

"Unataka mke wangu afe kwa ubishi wako?"

Nimeshinda midahalo mingi. Huu nilikuwa nashindwa. Basi nikang'oa masale, majani yetu ya kuombea msamaha, kwenye mpaka wa kihamba cha migomba cha jirani, nikayalaza katikati ya njia, nikapiga magoti.

"Haya, kaka. Yakanyage."

Wabebaji wakasimama. Mchagga ataikanyaga hasira yako. Masale uliyomwombea hayakanyagi. Basili alinitukana huku analia, kisha wakageuza kwenda kwa Bibi Mektrida, mkunga wa zamani. Mtoto alizaliwa hai. Dominika, kwa uchungu ule mrefu, mpaka leo hatembei bila fimbo.

Mvua ilipokatika, walitolewa akina mama watatu chini ya korongo, wamekufa. Walikuwa wametoka sokoni wiki nzima kabla. Nyumbani walidhani wamelala mjini kwa ndugu. Simu zao zilikuwa zimejaa matope. Wiki nzima hiyo kivuko kilibipiwa kila jioni.

Nikashuka mjini, nikaipiga meza ya Wenseslaus.

"Kifute!"

"Siwezi kufuta kwa neno la mtu mmoja, dada. Tena kumbukumbu zinasema umevuka."

"Mimi hapa! Nimevukaje?"

"Tusubiri wengine wathibitishe."

Wengine! Basi kila jioni nasimama pale ukingoni, nawarudisha watu kwa mdomo wangu, na wengine wananiita kichaa. Waliokufa ni watatu. Ng'ambo nawaona wanne.

Wa nne simtazami usoni.