Njia ya Jana

Mlima ulitoa kishindo kizito chini ya skii za Sølvi, zile mbao za kutelezea thelujini, kama gunia la unga lililoangushwa chumba cha pili, na theluji yote ikashuka upana wa kidole. Akasimama.

"Umesikia, Torgeir?"

"Nimesikia tumbo langu," alijibu mdogo wa mumewe, akimenya chungwa, desturi ya kwao milimani wakati wa Pasaka. "Twende, shemeji. Jana nilipita hapa hapa, ile pale njia ya skii zangu."

Sølvi akatoa beleshi, akachimba. Chini ya bamba gumu la juu alikuta chembe zilizomwagika kiganjani kama sukari. Mlima mzima umekalia sukari, tayari kuporomoka!

"Unachimba kisima?" Torgeir alicheka, kama alivyocheka asubuhi maegeshoni, alipolazimishwa kutoa kiashiria chake, kifaa cha kumtafutia aliyefukiwa na theluji, kwenye begi na kukifunga kifuani. "Hata mke wangu hanisumbui hivi."

"Mkeo ana mimba ya miezi minane. Ana kazi ya maana."

Torgeir akaondoka. Alikuwa katikati ya mteremko ufa ulipokatiza juu yake, na theluji yote ikaporomoka naye.

Sølvi akatoa simu. Simu haikushika mtandao. Sølvi aligeuza kiashiria chake kitafute, akateremka akisoma namba: mita arobaini, ishirini, mbili. Akatoa ufito mrefu wa kupimia theluji, akauchoma chini. Mara ya tano ukagusa kitu laini. Akachimba, akifoka.

"Jana kulikuwa na baridi, mjinga wewe! Leo jua limewaka tangu asubuhi! Mwanao nimwambie nini? Babako alikuwa na haraka?"

Kofia ikatokea, kisha uso wa buluu. Alimkomba theluji mdomoni kwa vidole, akampulizia pumzi. Kifua hakikuinuka. Akapuliza tena, machozi ya hasira yakimtoka. Torgeir akakohoa.

"Samahani, shem..."

"Nyamaza, upumue."

Walishuka polepole kupitia msituni, mkono wa Torgeir ulioumia umefungwa kwa skafu. Maegeshoni, mume na mke wasiowajua walikuwa wanavaa skii.

"Njia hii inafika juu?" mume aliuliza.

Sølvi alifungua mdomo, Torgeir akamtangulia. "Ni yangu," alisema, meno yakigongana. "Imenipeleka chini ya theluji. Viashiria vyenu viko wapi?"

"Kwenye begi." Yule mume akacheka. "Si umerudi mzima?"

Torgeir akaketi chini, katikati ya njia yake mwenyewe, akanyoosha miguu kuwazibia. Sølvi, angali na hasira naye, akaketi kando yake.