Dawa Tatu, Viwavi Wale Wale

Mume wangu tunamwita Kamanda. Hajawahi kuwa askari hata siku moja. Ila akishabeba bomba la kupulizia dawa mgongoni, anatembea kama anakwenda vitani.

Vita yenyewe ilikuwa ya kabichi. Paa letu linavuja, na mabati mapya yangetoka kwenye kabichi hizo. Zikiharibika, mvua zikija tunalala na mabeseni kitandani.

Basi viwavi wakaja. Wadogo, wa kijani. Majani yakawa matundu matupu.

Kamanda akanunua dawa yenye picha ya simba. Akapuliza. Viwavi wakapungua, kisha wakarudi. Akazidisha dawa. Wakarudi tena.

"Simba amechoka," akasema. Akaleta chupa ya tai.

"Na tai je?" nikamuuliza baadaye.

"Hana lolote. Nimeleta mamba."

"Baba watoto, hili ni shamba au mbuga ya wanyama?"

Akaninunia mpaka jioni.

Kesho yake nikamkuta kiwavi kwenye jani lililolowa dawa. Anatafuna taratibu, kama mgeni aliyeandaliwa chakula. Hapo sikucheka. Nililia. Nikaenda kumwita bibi shamba, mtaalamu wetu wa kilimo.

Alipofika nyumbani, bibi shamba hakutazama picha za wanyama. Aligeuza chupa zote tatu.

"Baba, soma maandishi haya madogo."

Kamanda akasoma. Akarudia. "Mbona ni dawa ile ile?"

"Ndiyo. Zote za kundi moja. Umebadilisha picha tu."

"Lakini mwanzo iliua!"

"Iliua wengi. Wachache ambao dawa haiwawezi wakabaki. Wakageuka nondo, wale vipepeo wadogo wa kijivu. Wakataga mayai, na watoto wakarithi usugu. Ukirudia dawa ile ile, wanabaki sugu watupu."

"Yaani nimewafuga?"

"Umewafuga, baba."

Niligeukia ukutani nicheke vizuri.

"Sasa tufanyeje?" nikauliza.

"Msizidishe dawa, mtajidhuru bure. Kagueni chini ya majani. Wakiwa wachache, wapondeni kwa mkono. Wakizidi, pulizeni wangali wadogo, kwa dawa ya kundi jingine. Kizazi kipya kikija, badilini kundi tena. Na yale mashina ya msimu uliopita, ng'oeni mfukie. Wanazaliana humo."

"Kwa mkono? Mimi?" Kamanda akashangaa.

"Wewe," nikamwambia. "Vita ni ana kwa ana."

Alinung'unika, lakini aliinama. Kila asubuhi tulifunua majani pamoja. Tulipuliza pale tu ilipobidi, kwa dawa aliyotuelekeza bibi shamba. Majani ya nje yalibaki na matundu, lakini kabichi zilifunga, ngumu, nzito. Tukavuna. Tukaezeka.

Mvua ya kwanza ikapiga mabati kwa kishindo. Ndani, hata tone moja halikuingia.

"Hongera, mume wangu!" nikapaza sauti.

"Unasemaje?"

"Nasema umefanya kazi nzuri!"

"Sisikii! Hebu rudia!"

Alisikia vizuri sana. Hata hivyo nikarudia.