Ngwatio ya Adhuhuri

Kaka yangu Githinji alikuwa mtu wa haraka. Mwaka jana trekta aliyokodi kulima shamba lake la Gatuanyaga iliharibika, na mawingu yalikuwa yameshatanda. Nilimpelekea chai adhuhuri, nikamkuta na akina mama wazee ambao sikuwajua. Kila mmoja alishika mti uliochongwa ncha.

"Ni ngwatio?" mmoja alinong'ona.

"Eeh, cucu! Mkimaliza kwangu, na mimi nakuja kwenu."

Ngwatio ni mambo ya kale. Kabla ya trekta na vibarua, majirani walilimiana kwa zamu, leo kwangu, kesho kwako. Githinji alitaka shamba lilimwe tu. Hakuuliza kwao ni wapi, na wahenga walisema kuuliza si ujinga.

Jioni shamba lote lilikuwa limelimwa. Hakuna aliyewaona wakiondoka.

Mama aliposikia, alikaa chini. "Miti? Hata cucu, nyanya yangu, alizaliwa akapata majembe."

Githinji akaanza kuamka na malengelenge mikononi. Kucha zilijaa udongo mwekundu, na wetu ni mweusi. Alikonda hadi akashindwa kumbeba mtoto wake. Niliogopa atakufa, halafu nikachoka hata kuogopa.

"Tumtoe huku kwa shamba," mkewe Jackie alisema. "Asione mchanga kabisa."

Tukampeleka mtaa wa Kiuu, chumba cha kupanga, ghorofa ya juu, saruji kila upande. Mikono ikapona. Tukamshukuru Mungu.

Adhuhuri moja Jackie alimwacha amelala, akafunga mlango kwa kufuli, akashuka kununua mboga za sukuma. Mimi nilikaa nje, pale mlangoni. Hakuna aliyepita. Aliporudi, tukafungua.

Kitanda kitupu. Dirisha lina vyuma. Githinji hayuko.

Mezani kulikuwa na kibuyu cha uji wa wimbi.

Tulimpigia Mama simu. Alifika jioni, na uji ulikuwa bado unatoa mvuke. Jackie alinyoosha mkono akichukue kibuyu.

"Wacha," Mama alinong'ona. "Ni wa Githinji. Kwa ngwatio, mwenye shamba ndiye anapika. Unakula ukimaliza kulima."

"Na atamaliza lini, mum?"



Mvua ndefu zimekuja, zimeisha. Mimi silii tena. Kila asubuhi Jackie huweka kiganja juu ya kile kibuyu, kisha hunitazama.

Uji bado ni moto.