Nusu Kidonge kwenye Maziwa

Kila akirudi kutoka shuleni, binti wa fundi cherehani hulakiwa na paka wake, Masharubu. Paka hukaa kizingitini, mkia juu, na kaka mtu hupiga kelele kutoka ndani: "Dokta, mgonjwa wako anakusubiri!" Jina hilo alimbandika siku dada yake alipomfunga kuku bandeji kwenye mguu usio na kidonda.

Leo kizingiti kilikuwa kitupu. Cherehani ya mama iliunguruma, kisha ikanyamaza.

"Umekuja, mwanangu? Hebu mtazame paka wako. Tangu mchana yuko chini ya kitanda, haitiki hata akiitwa."

Dokta alipiga magoti, akachungulia. Macho mawili yalimtazama kutoka gizani bila kupepesa. Alimvuta nje. Uso wa Masharubu ulikuwa umevimba, nyayo zimevimba, naye anahema kama aliyekimbizwa.

Asubuhi alikuwa akichechemea tu, baada ya kuruka vibaya kutoka ukutani. Kwa huruma, Dokta alifungua droo ya mama aliyokatazwa, akasaga nusu kidonge cha maumivu, akakikoroga kwenye maziwa. Kama kinamtuliza mama kichwa, kitashindwaje na mguu wa paka?

"Hii ni sumu ya panya ya jirani!" mama alifoka. "Nilimwambia asiimwage uani. Leo atanitambua!"

Dokta alimviringisha paka kwenye kanga, kidonge asikitaje.

Kwa daktari wa mifugo, meza ilikuwa ya chuma, baridi. Daktari alifunua mdomo wa Masharubu. Fizi zake za waridi zilikuwa zimegeuka kahawia, kama chai iliyolala.

"Amekula nini?"

"Sumu ya panya," mama alijibu.

"Mlimwona akiila?"

"Kumwona, sikumwona. Lakini namjua jirani yangu."

Daktari alishika sindano, akasita. "Mama, kila sumu ina dawa yake. Nikikosea hapa, nitapoteza muda, na huyu muda hana."

Pumzi za paka tu ndizo zilizosikika, na kila moja ilikuwa fupi kuliko iliyotangulia.

"Siyo jirani." Sauti ya Dokta ilikuwa nyembamba kama uzi. "Ni mimi. Nilimpa dawa yako ya kichwa, mama. Nusu kidonge."

Daktari aliiweka chini sindano ile, akakimbilia kabati jingine.

Walisubiri kwenye benchi hadi jua likaanza kuzama. Hatimaye daktari alitoka akijifuta mikono.

"Fizi zinarudia rangi yake. Atabaki hapa nimwangalie." Akamgeukia Dokta. "Dawa ya mtu usimpe mnyama bila kuuliza, binti yangu. Hiyo ya maumivu, kwa paka, hata kipande kinaua. Mnyama akiumwa, mtulize, mlete. Na ukikosea, sema upesi. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Na mimi jirani nimemsingizia," mama alinong'ona. "Nitamtazamaje usoni?"

Wiki iliyofuata Masharubu alikuwa kizingitini, mkia juu.

"Dokta wa sumu huyo!" kaka alicheka.

Dokta aliinamisha kichwa. Cherehani ikasimama.

"Mwache mwenzio," mama alisema. "Dawa iliyomponya paka huyu ilianza kutoka mdomoni mwa dada yako."