Nyasi Kwenye Chujio la Moshi

Maiti ya Ouma Regina ilikutwa mlangoni, upande wa ndani, mkono mmoja ukiwa kwenye komeo. Ouma, yaani bibi, alikuwa na miaka themanini na moja. Inspekta Tjivikua alipofika kutoka mji wa Omaruru, saa tisa alasiri, nguzo za nyumba zilikuwa bado zinafuka.

Mwanawe, mwalimu Festus Hoëseb, alikuwa amekaa chini kando ya gari lake kuukuu la dizeli. Mikono yake ilikuwa imeungua hadi viwiko.

"Ulifika saa ngapi?"

"Saa saba. Nikakuta moto umeshashika paa."

"Uliona mtu?"

"Jirani, Asser. Alikuwa anakimbia."

Asser Goseb na marehemu waligombana kila siku kwa sababu ya mbuzi. Kijiji kizima kilijua. Jioni hiyo akawekwa mahabusu.

"Nilikimbia kuleta maji," alisema.

"Wiki iliyopita ulimtishia."

"Nilimwambia nitachinja mbuzi wake mmoja. Akaniambia nianze na yule mwenye sura mbaya kama yangu. Ndivyo tulivyokuwa tunaongea, afande. Miaka thelathini."

Siku ya tatu majibu ya uchunguzi yalifika. Mwili haukuwa na jeraha. Mapafu yalijaa moshi. Hakukuwa na dalili ya petroli. Moto ulianzia kwenye nyasi kavu, hatua mbili kutoka ukutani, na hapo palikuwa na alama za matairi.

Inspekta akalala chini ya gari la Festus na tochi. Juu ya kasha la chujio la moshi, vishada vya nyasi vilikuwa vimegandamana, vyeusi kama mkaa.

Akalipeleka gari kwa fundi Mbapeua, aliyelishughulikia asubuhi ya siku ile ya moto.

"Taa ya tahadhari ya chujio ilikuwa inawaka wiki mbili," fundi alisema. "Nikapima mgandamizo wa moshi kabla ya chujio na baada yake. Kipimo chenyewe kizima, mpira wake mzima. Chujio ndilo lilikuwa limejaa masizi. Gari la nyumbani-shuleni hili, halipati joto la kuyaunguza. Nikamwambia atoke nalo safari ndefu, chujio lijichome lenyewe hadi masizi yaishe, na asizime injini katikati."

"Linafika joto gani?"

"Digrii mia sita."

"Ulimwambia asiegeshe kwenye nyasi?"

Mbapeua aliitazama mikono yake. "Hapana."

Akaunganisha kompyuta kwenye gari, akachapa karatasi ya kumbukumbu zake. "Chujio lilianza kujichoma gari likiwa limetembea kilomita hamsini na tatu tangu litoke hapa. Likamaliza kwenye sitini na moja, gari likiwa limesimama."

Kutoka karakana hadi mlango wa Ouma Regina ni kilomita sitini na moja.

Festus alisomewa karatasi hiyo kituoni.

"Mwalimu, moto ulikukuta wewe pale. Si wewe uliyeukuta."

"Fundi alisema nisizime," Festus alisema. "Nikaliacha linanguruma ukutani, nikaenda zizini kumtazama mbuzi aliyezaa. Mama alikuwa amelala. Niliporudi, nyasi zilikuwa zinawaka."

"Ukafanya nini?"

"Nikaliondoa gari. Nilidhani ni nyasi tu, afande. Niliokoa gari kwanza. Kugeuka, paa limeshika. Komeo likakataa. Nilimsikia naye analivuta upande wake."

"Na Asser?"

"Alikuja na ndoo."

"Ukamtaja yeye."

"Nina dada watatu. Wangeniuliza nilianza na nini." Akainua uso. "Nifunge, afande."

"Kwa kumsingizia Asser, nitakufunga. Kwa hilo lingine sina kifungu."

Asser alitolewa saa hiyohiyo. Akaondoka bila kuuliza lolote.

Dada watatu walikuwa kwenye benchi la mapokezi tangu asubuhi, wakisubiri kuambiwa nani alimuua mama yao. Inspekta Tjivikua alikaa na ile karatasi dakika nyingi kabla ya kuinuka kuwafungulia mlango.