Mabega ya Koti la Kijivu

Suruali ya Munyao ilipasuka kortini, kwenye msumari wa benchi, na akatembea kutoka huko hadi sokoni Voi akiwa amejiziba nyuma kwa faili. Ilikuwa siku ya soko. Akina mama wa nyanya na wa kamba za mkonge walimcheka wakashika mbavu, na yeye akaingia kibanda cha kwanza alichosikia cherehani ikilia.

Ndani alimkuta Wakio, gauni la maua ya manjano, utepe wa kupimia shingoni.

"Karibu. Vua."

"Nivue hapa?"

"Kwani nikushonee ukiwa ndani yake?" Akamrushia leso, akavuta pazia. "Usiogope. Nimeona miguu mibaya kuliko hiyo."

Nduku, mwenzake wa pale kibandani, alicheka mpaka sindano ikamchoma. Munyao akakaa nyuma ya pazia amejifunga leso, akajieleza bila kuulizwa: ni karani wa wakili mmoja pale karibu na posta, kwao Kibwezi, hana mke. Kesho yake alirudi na shati. Kabla hajaingia, alisimama mlangoni akaking'oa kifungo kwa mikono yake. Wakio alimwona.

"Hiki kimetoka chenyewe?"

"Nguo zangu zina matatizo siku hizi."

"Nguo, ama mwenyewe?"

Basi mapenzi yakaanza hivyo, kwa vifungo. Wakili akitoka tu ofisini, Munyao anainua simu na kupiga duka la Mansur, lililopakana na kibanda. Mansur anatoa kichwa nje: "Bibiye, mwandani wako yuko kwenye waya. Mwambie simu hii ni ya biashara." Wakio anakwenda huku akijipangusa nyuzi.

"Mpenzi, umekula?"

"Nimekula. Na hii ni mara ya tatu unaniuliza leo."

"Nataka kusikia ukisema mara ya nne."

Munyao akaagiza koti la kijivu, lenye mabega ya sponji kama fasheni ya wakati ule. Alisema atalivaa siku ya kwenda kumwona baba yake Wakio.

Hapa lazima niwaambie jambo moja kuhusu Wakio, maana bila hilo hamtaelewa yaliyofuata. Hakuwa mtu wa kusamehe. Kuna shangazi yake aliyemsema vibaya akiwa darasa la sita, na hadi leo hajamshonea hata kitambaa cha kichwa.

Na alimpenda baba yake kupita kiasi. Mzee Stephen alikuwa mstaafu wa reli, mtu wa kufuata kanuni, aliyekuwa akikaa nje kidogo ya mji. Saratani ilikuwa imemkalia tumboni. Hospitali ya Mombasa walimpa vidonge, kisha wakamwambia akapumzike nyumbani, na kila alichokula alikitapika. Jirani ndiye aliyemletea majani ya bangi, akamwambia ayachemshe na chai. Siku hiyo uji ulikaa tumboni. Mzee akaomba wa pili, na Wakio akatoka nje kulia.

Lakini ilikuwa mwaka wa tisini na tano, sheria mpya ya madawa ya kulevya ndiyo kwanza imeanza kuuma, na kila mtu alikuwa ameisikia redioni. Jumapili, wakitembea kando ya reli, Wakio akamshika Munyao mkono.

"Nikuulize kitu, na ukimwambia mtu tumeachana. Mgonjwa anayetumia bangi, sheria inasemaje?"

Munyao aliomba siku mbili akasome vitabu vya bosi. Alipokuja kibandani, uso wake haukuwa wa utani.

"Ni miaka kumi, Wakio, hata ikiwa ni ya kutumia mwenyewe. Mgonjwa ametajwa, ndiyo. Anaweza kuwa na dawa ya namna hiyo ikiwa daktari ndiye aliyempa, kwa matibabu. Lakini ni daktari gani atatoa majani? Hospitali haina, na ya shambani haihesabiki kuwa dawa. Mwambie mzee aachane nayo."

Mzee alikuwa ameanza kula. Wakio angemwambiaje aache? Alimwambia nusu tu: "Baba, usiwe na wasiwasi. Sheria inamtambua mgonjwa."

Wiki hiyo hiyo, Wakio akiwa kibandani, Mzee Stephen akakamatwa na bangi.

Nani mwingine aliyejua? Jirani? Jirani ndiye aliyeleta, asingejichongea. Nduku alivunja uzi kwa meno, akasema, "Kikulacho ki nguoni mwako, dada." Na siku baba yake alipopandishwa kizimbani, akishikilia ukuta asianguke, Wakio alimwona Munyao kwenye varanda ya korti akicheka na mwendesha mashtaka, amemwekea mkono begani.

Simu ikalia kwa Mansur.

"Ulimwambia nani?" Wakio aliuliza.

"Sikumwambia mtu. Nakuapia kwa mama yangu."

"Mama yako mwache. Nilikuona ukicheka na yule mtu."

"Nilikuwa namwomba asi—"

Akakata. Kwa siku kadhaa Mansur aliita hadi akachoka, na Wakio hakwenda kwenye simu. Alikuwa anafikiri. Alitaka Munyao alale pale baba yake alipolala, kwenye saruji, anuke kama alivyonuka baba yake. Alitaka ahesabiwe miaka kumi ile ile aliyomhesabia yeye.

Polisi hawakupekua paa la jikoni kwa mzee. Wakio alitoa humo majani yaliyobaki, akaifungua bitana ya koti la kijivu, akanyofoa sponji za mabega, akajaza majani, akafunga kwa mkono, mishono midogo ambayo hata fundi mwenzake asingeiona. Alishona huku akiimba wimbo wa kanisani. Kisha akapiga simu mwenyewe, sauti imelainika: "Njoo uchukue koti lako."

Munyao alikuja mbio. "Umenisamehe?"

"Vaa nione."

Akalivaa. Wakio akampangusa mabega kwa viganja, kushoto na kulia. "Limekukaa."

"Kesho nakwenda Mombasa nalo."

"Kufanya nini?"

"Nikirudi nitakwambia. Sitaki kukupa tumaini la bure."

"Haya. Usilivue, hata joto likija."

Asubuhi Wakio alimwomba Mansur simu, na Mansur alipogeuka kumpimia mteja sukari, akapiga polisi. Basi la Mombasa. Anaitwa Munyao, koti la kijivu. Tazameni mabegani. Akaweka simu chini, akachukua chupa ya uji akaenda rumande, moyo mwepesi kuliko siku zote za wiki ile. Alitaka baba yake asikie habari hiyo kutoka kinywani mwake.

"Baba, yule aliyekuchongea atalipa leo."

Mzee Stephen aliacha kunywa. "Aliyenichongea nani?"

"Munyao."

"Munyao amefanya nini? Mimi nilikwenda mwenyewe."

"Ulikwenda wapi?"

"Kwa chifu. Kuchukua kibali." Alisema kama mtu anayeeleza jambo la kawaida kabisa. "Dada yako alipoolewa, mbangara tulipika kwa kibali cha chifu, sivyo? Pombe haramu, lakini ukienda na haja yako ukaeleza, unaandikiwa. Uliponiambia sheria inamtambua mgonjwa, nikasema vizuri, nisitumie kwa kujificha kama mwizi. Nikavaa koti la reli, nikaiweka ile bangi kwenye kikapu, nikamwekea mezani. Askari wawili walikuwa hapo wanakunywa chai. Chifu alishika kichwa. Angekuwa peke yake angenifukuza nirudi nyumbani."

Wakio alikaa chini.

"Niliona aibu kukwambia," mzee akaendelea. "Kijana wako anajua. Alikuja jana akanitoa jasho kwa maswali. Ameshambembeleza hata mwendesha mashtaka. Leo anakwenda kumleta yule daktari wa Mombasa, aje amwambie hakimu mimi ni mtu wa namna gani, na nimebakiza nini."

Chupa ya uji ilibaki pale. Wakio alikimbia bila viatu, viatu mkononi, akapita posta, akapita soko. Nduku alimwita, hakusikia. Alikuwa anaomba jambo moja tu: basi liwe bado linajaza abiria. Lilikuwa steji, injini inanguruma, kondakta ananing'inia mlangoni. Akapanda.

Munyao alikuwa dirishani, jasho likimtiririka, koti limefungwa vifungo vyote.

"Vua koti."

"Wakio, watu wanatutazama."

"Vua. Nimekosea mshono."

"Si nirudi nalo kesho—"

Hakumsikiza. Alitoa makasi mfukoni mwa gauni, na abiria wa kiti cha pili wakajivuta pembeni. Alimvua kama mama anavyomvua mtoto, mkono mmoja, wa pili, na mama mmoja aliyebeba kuku akasema wanaume wa siku hizi wananyanyaswa. Munyao alibaki na shati, macho yamemjaa maji. Alidhani ameachwa kabisa mbele ya watu. Basi likaondoka.

Wakio alikwenda moja kwa moja kwenye choo cha soko, akachana mabega, akamwaga vyote shimoni. Kwa haraka yake alijikata kidole.

Siku ya kesi daktari alikuja. Alisimama kizimbani akasema aliyoyajua, na hakimu akasikiliza kwa muda mrefu. Hakimu akasema sheria haina kibali cha majani, si kwa chifu wala kwa yeyote, kisha akamwachilia mzee kwa sharti asirudie. Mwendesha mashtaka hakupinga. Jioni hiyo Munyao alisimama mlangoni mwa kibanda, hakuingia.

"Kule kwenye kizuizi cha polisi barabarani," alisema, "walipanda wakaita jina langu. Walitaka mtu wa koti la kijivu. Waliniuliza koti liko wapi."

Nduku akachukua kikapu chake akatoka.

Wakio angeweza kunyamaza. "Nililijaza mimi," akasema. "Mabegani. Nilitaka ufungwe."

"Na simu?"

"Na simu nilipiga mimi."

Munyao aliegemea mwimo wa mlango. "Nilikuapia kwa mama yangu."

"Uliapa, nami sikukuamini. Baba alikwenda kwa chifu kwa sababu mimi nilimwambia nusu, na mimi nikataka ulipe wewe. Ukitaka niende polisi nikaseme, twende sasa."

 Munyao akaingia, akavuta kiti karibu na cherehani.

"Koti liko wapi?"

"Nililichana."

"Lishone upya. Mbele yangu."

Alilishona, naye akatazama kila mshono, hakusema neno la mapenzi hata moja. Alirudi siku ya pili, na ya tatu. Siku ya nne alileta shati, na kifungo chake kiganjani.

Mzee Stephen aliifikia harusi, akiwa amekonda, ameketishwa mbele, juu ya mto. Mbangara ilipikwa kwa kibali cha chifu yule yule, aliyeandika bila kumtazama mtu usoni. Bwana harusi aliletewa koti lake la kijivu, likiwa limenyooshwa pasi. Kabla ya kulivaa, mbele ya ndugu wote wa Kibwezi na wa Voi, Munyao alibinya bega la kushoto kwa vidole, polepole, kisha la kulia. Ndugu wakacheka, wakidhani anasifu kazi ya mkewe.

Wakio hakucheka. Alijua atabinya hivyo kila nguo atakayoshonewa na yeye, maisha yao yote, na kwamba hatamwambia aache. Akamshikia koti wazi, akangoja amalize, kisha akamvisha.