Nilimzika Baba Kwenye Usaili, Naye Alikuwa Akichuma Kahawa

Nina umri wa miaka ishirini na minne, mzaliwa wa Kamachumu wilayani Muleba. Nimefundisha watoto wa shule ya Jumapili katika usharika wetu tangu nikiwa kidato cha pili. Nasema hayo mapema ili mjue kwamba sikukosa malezi. Nilikosa akili.

Mama alifariki nikiwa darasa la kwanza, tukabaki mimi na baba, ambaye kijiji kizima kinamwita Ta Elisha. Baba aliishia darasa la nne. Lakini ndiye aliyenifundisha herufi, akizichora kwa mwiba kwenye jani la mgomba, hata nikaingia shule nikiwa najua kusoma jina langu. Ndiyo maana nilitaka ualimu. Sikuwa na sababu nyingine, na hiyo ilitosha kabisa!

Nilipomaliza kidato cha sita nilikaa nyumbani miaka miwili. Kisha chuo kimoja cha ualimu Bukoba kikatangaza nafasi chache za kusoma bure, nami nikawa miongoni mwa walioitwa kwenye usaili. Nikipata, mwalimu. Nikikosa, jembe, maana kwetu hapakuwa na njia nyingine. Baba alikata mkungu wa ndizi mkubwa kuliko yote, akasema nimpelekee shangazi yangu wa Bakoba, mtaa wa hukohuko Bukoba mjini, nikae kwake wiki mbili nijiandae.

Hapo Bakoba ndipo nilipokutana na Denis... Jamani, Denis!

Alikuwa na tai moja nyekundu, ambayo aliivaa hata akienda kununua mkaa. Alijiita mtaalamu wa usaili. Kila jioni alitukusanya wasailiwa tisa barazani kwake, akitufundisha namna ya kuingia, namna ya kuketi, na Kiingereza cha kujisifu. Tulimletea senene wa kukaanga, tukamletea maparachichi, naye alikula huku akitukosoa. Baadaye nikaja kujua kwamba yeye mwenyewe alisailiwa mara nne na hakuwahi kufaulu hata mara moja. Mganga hajigangi, lakini huyu hata dawa hakuwa nayo!

Na mimi, mtoto wa Ta Elisha, nikampenda. Ndani ya siku tano alikuwa ameshaniahidi ndoa. Nilimwamini... Kwa lipi? Kwa tai?

Siku moja alituambia kila mmoja aeleze kwa nini anataka kuwa mwalimu. Nikasimulia habari ya baba na jani la mgomba. Msichana mmoja akafuta machozi. Denis alinibakiza wenzangu walipoondoka, akaniuliza kama baba yangu yuko hai. Nikamwambia yuko hai na ni mzima.

"Hapo ndipo unapoharibu," alisema. "Waliofiwa na mama wako wengi. Baba aliye hai hana uzito. Waambie naye amefariki."

Nilishtuka. Kwetu kifo si neno la kuchezea. Mtu akifa majembe hulala, majirani wote huacha kazi zao, na hata habari ikichelewa mwaka mzima, mtu anayekufahamu atakuja kukupa pole. Nilimweleza Denis yote hayo. Alicheka, akasema jopo halitapanda kilima kwenda Kamachumu kuhesabu makaburi.

Nilipaswa kuondoka palepale! Nilikaa. Siku tatu nzima nilifanya mazoezi ya kumlilia mtu ambaye kila asubuhi alinipigia simu kuniuliza kama nimekula.

Siku ya usaili nilikuwa wa sita kuingia. Jopo lilikuwa la watu watatu. Katikati aliketi mwenyekiti, mwanaume mwenye uso mkavu, na kulia kwake mama wa makamo aliyejifunga kitenge begani. Nilisimulia. Nilipofika kwenye jani la mgomba, mwenyekiti aliweka kalamu chini.

"Wewe ni wa nne leo," alisema. "Baba wa leo wote waliandika kwenye majani, na wote wamekufa."

Denis alikuwa amewagawia wenzangu habari yangu! Jani la baba yangu, mkono wa baba yangu, hata mwiba wake, vyote alivigawa kama karanga. Na mimi mwenye habari nikaonekana mwizi.

Hapo ndipo nilipopata nafasi ya kusema kweli. Ningesema baba yu hai, na kwamba habari ya jani ni yetu. Badala yake nikaanza kulia, tena machozi ya kweli. Yule mama akaniuliza kwa upole mimi ni wa nani Kamachumu. Nikamtaja Ta Elisha na ukoo wetu. Akashika kifua. Alisema alisoma na marehemu mama yangu, na hakuwa na habari kwamba baba naye ametutoka. Akauliza amezikwa wapi.

Nikajibu, kwa mdomo huu ninaotumia kula ugali, kwamba tulimzika kwenye kibanja chetu, shamba letu la migomba, kando ya mama.

Mama yule akawageukia wenzake, akawaambia hao wengine inawezekana wamedanganya, ila huyu anaujua ukoo wake, na mtu wa ukoo huo hawezi kudanganya juu ya kifo. Siku mbili baadaye nilipigiwa simu kwamba nimepata nafasi. Nilirukaruka kwa shangazi kama ndama! Baba alipopata habari alinunua soda akawapa majirani.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa nyumbani, jikoni, namenya ndizi. Nikasikia wanawake wakiimba wimbo wa maziko kwenye njia inayoingia kibanjani. Nilichungulia. Alikuwa yule mama wa jopo, na wanawake wawili wa kanisani kwake, wamebeba sukari na kitenge... Wamekuja kunipa pole.

Baba alitokea kwenye mibuni na kikapu chake cha kahawa kiunoni. Hakuwafahamu, lakini aliposikia wimbo alivua kofia, macho yakamjaa machozi. Alidhani kuna ndugu amefariki bila yeye kujua.

"Nyegera waitu," aliwakaribisha. "Ni nani ametutoka?"

Mama yule akamuuliza kama yeye ni ndugu wa Ta Elisha. Baba akajibu kwamba yeye ndiye Ta Elisha. Wimbo ulikatika. Mwanamke mmoja akaweka sukari chini, kisha akaiokota tena.

Sikutoka jikoni. Mwalimu mtarajiwa, nimejikunyata nyuma ya kapu la maganda! Nilimsikia mama yule akieleza kila kitu, neno kwa neno, mpaka mahali pa kaburi. Mwisho akasema, "Nafasi ile nitaomba apewe mwingine. Siwezi kumkabidhi watoto wa watu mtu aliyemzika baba yake ili apate kitanda cha bweni."

Baba aliwaletea kahawa za kutafuna, kama anavyomletea kila mgeni, akawasindikiza hadi barabarani. Nilimpigia Denis mara kumi. Alipopokea, alisema yeye hakunituma, alinishauri tu, kisha akanikatia simu. Nasikia siku hizi yuko Kemondo, anafundisha watu usaili wa kazi. Mungu awahurumie.

Ndugu yangu unayejiandaa kwa usaili, soma, piga pasi nguo zako, lala mapema. Lakini mtu akikuambia maisha yako hayatoshi mpaka uyatie chumvi, mkimbie! Na habari yako usimpe mtu asiye na yake. Jopo lile lingenichukua kwa jani tupu, yule mama mwenyewe alimwambia baba hivyo. Mimi nikaona baba yangu ni mdogo. Huo ndio uchafu wangu, na siwezi kumtupia Denis wote.

Jioni ile nilipiga magoti mbele ya baba. Hakunipiga wala hakunitukana. Aliniuliza jambo moja tu.

"Mwanangu, nikiwa hai sikukutosha?"

Bado tunaishi nyumba moja, na bado sijamjibu.